Lund au Heidelberg: chuo kipi kwa muhula mmoja wa kubadilishana?

Orodha za vyuo bora duniani hazikusaidii hapa. Lund cha Sweden kilianzishwa 1666, Heidelberg cha Ujerumani 1386; vyote viwili ni vyuo vya utafiti vyenye jina, na hakuna mwajiri atakayekuuliza kwa nini ulikwenda huku usiende kule. Kinachomuumiza mwanafunzi wa kubadilishana ni kingine: kurudi na krediti 18 badala ya 30, au matokeo yake kufika wakati bodi ya mitihani ya chuo chake imeshakaa na kuondoka. Ndiyo maana ulinganisho huu unaanza na kalenda na namna ya kupimwa. Mji unakuja mwisho, na kwa makusudi.

Yanayofuata yanamhusu anayekwenda kwa makubaliano kati ya chuo chake na Lund au Heidelberg, yaani asiyelipa ada ya masomo huko aendako. Anayejipeleka mwenyewe hesabu yake ni nyingine kabisa. Sweden inawatoza ada wanafunzi wasio raia wa Umoja wa Ulaya tangu 2011, na jimbo la Baden-Württemberg, ambamo Heidelberg imo, linawatoza euro 1,500 kwa muhula tangu muhula wa baridi wa 2017/18. Ada ya Lund ni mara kadhaa ya hiyo.

Kalenda kwanza

Muhula wa vuli wa Lund huanza mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba na kuisha katikati ya Januari. Wa machipuko huanzia hapo hadi mwanzoni mwa Juni. Ni wiki 20 kila mmoja, na tarehe zilizoandikwa ndizo tarehe za masomo kweli.

Heidelberg wana mihula miwili ndani ya mmoja: wa kwenye karatasi na wa darasani. Kwenye karatasi, muhula wa baridi ni kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 31 Machi, wa kiangazi ni 1 Aprili hadi 30 Septemba. Mihadhara yenyewe huanza katikati ya Oktoba na kukoma Februari, au katikati ya Aprili hadi mwishoni mwa Julai. Miezi inayobaki si likizo kwa maana ya kulala. Ndiyo miezi ya kuandika insha za semina, na hapo ndipo wageni wengi wanapokwama, kama tutakavyoona.

Sasa weka kalenda hizi juu ya ile ya chuo chako. Kama muhula wako wa pili unaanza Januari, vuli ya Lund inakaribia kuingia vizuri, isipokuwa ule mtihani wa mwisho wa katikati ya Januari. Baadhi ya walimu hukubali kumpa mgeni kazi mbadala kabla ya Krismasi, lakini hiyo ni hisani, si haki yako. Uliza kwa maandishi kabla ya kuichagua kozi, si Novemba ukiwa umeshaingia. Muhula wa baridi wa Heidelberg kwa mtu huyo haufai hata kidogo; utamla muhula mzima wa nyumbani. Kama mwaka wako unaanza Septemba au Oktoba, kiangazi cha Heidelberg kinaweza kukufaa, mradi nusu ya kwanza ya mwaka chuoni kwako iwe imekwisha kabla ya katikati ya Aprili. Ikiwa kalenda moja haiingii kabisa, uamuzi umeshakwisha na huna haja ya kusoma zaidi.

Kozi moja moja, au zote kwa pamoja

Hii ndiyo tofauti kubwa kuliko zote kati ya vyuo hivi.

Lund husomesha kozi kwa kupokezana. Muhula ni krediti 30 za ECTS, mfumo wa Ulaya wa kuhesabu krediti, yaani krediti moja na nusu kwa wiki. Kozi ya krediti 7.5 ikisomwa peke yake huchukua wiki tano, ya 15 huchukua wiki kumi. Unamaliza moja, unafanya mtihani, Jumatatu inayofuata unaanza nyingine. Vitivo vingine, hasa cha uhandisi, husomesha kozi mbili sambamba kwa nusu muhula. Saa za darasani katika sayansi za jamii na fani za sanaa ni chache, pengine sita hadi kumi na mbili kwa wiki, na mgeni hudhani amepata mteremko. Hesabu yao ni saa 40 za kazi kwa wiki, na zile ambazo huzioni kwenye ratiba ni za kusoma vitabu. Katika kozi ya wiki tano, wiki moja ya mafua ni sehemu ya tano ya kozi nzima, na huwezi kuifidia mwezi ujao kwa sababu mwezi ujao kozi haipo.

Heidelberg unabeba kozi tano hadi saba kwa wakati mmoja, kila moja ikikutana mara moja au mbili kwa wiki hadi mihadhara ifungwe. Kinachoamua uzito wa kozi ni aina yake. Mhadhara, Vorlesung, unasikiliza na mwishoni unafanya mtihani wa kuandika uitwao Klausur. Semina ni jambo jingine: unatoa mada mbele ya wenzako, unahudhuria karibu vipindi vyote kwa sababu kukosa zaidi ya viwili kwa kawaida kunakutoa, kisha unaandika Hausarbeit, yaani insha ndefu ya semina. Proseminar ni ya wanaoanza. Hauptseminar ni ya waliokomaa, na insha yake hufika kurasa 15 hadi 20. Kozi hiyohiyo inaweza kukupa krediti chache ukihudhuria na kutoa mada tu, na nyingi zaidi ukiandika insha. Kwa hiyo ukiandika kwenye mkataba wako wa masomo jina la kozi peke yake, hujaandika kitu. Andika jina, aina, namna ya kupimwa na idadi ya krediti kwa namna hiyo.

Kosa linalojirudia Heidelberg linakwenda hivi. Mwanafunzi anachukua semina nne kwa sababu mada zake ni tamu. Februari mihadhara inakwisha, anafunga mizigo, anarudi na deni la insha nne, kurasa sitini na kitu, bila maktaba aliyoizoea na huku muhula wa nyumbani umeshaanza. Mbili zinaandikwa, mbili zinakufa. Hata zile mbili, mwalimu atazisahihisha kwa nafasi yake, na matokeo yanaweza kufika miezi baada ya muhula. Dawa yake ni kujiwekea mpaka: insha zisizidi mbili, krediti nyingine zitoke kwenye mihadhara yenye Klausur. Na mada ya insha ikubaliwe na mwalimu nusu ya muhula ikiwa bado iko mbele, ili uandike ukiwa palepale.

Lund kosa lake ni dogo lakini linauma haraka. Kozi ina kikao cha kwanza cha kuitana majina, upprop, na asiyekuwepo bila taarifa anaweza kupoteza nafasi. Aliyecheleweshwa na kibali cha ukaazi akafika siku kumi baadaye anaweza kukuta kozi ya kwanza imeshamwacha, na hiyo ni robo ya krediti zake zote. Heidelberg ukichelewa wiki moja utakosa baadhi ya semina zilizojaa, ila mihadhara bado inakusubiri.

Kuna pia suala la udanganyifu. Sweden mitihani ya kufanyia nyumbani ni ya kawaida, na kazi hupitishwa kwenye programu ya kulinganisha maandishi. Bodi ya nidhamu inaweza kumsimamisha mwanafunzi hadi miezi sita. Kwa mwenyeji ni pigo. Kwa aliyekwenda kwa muhula mmoja ni safari nzima. Jifunze kunukuu vizuri kabla hujaondoka.

Alama zinavyosomeka nyumbani

Kozi nyingi za Lund zina ngazi tatu tu: U ni kushindwa, G ni kufaulu, VG ni kufaulu vizuri sana. Uhandisi hutumia U, 3, 4 na 5. Tatizo ni G: inambeba aliyeponea chupuchupu na aliyekaribia kileleni. Chuo chako kikiigeuza G kuwa C, na wewe una ufadhili unaodai wastani fulani, umepoteza pesa kwa muhula ambao ulisoma vizuri.

Ujerumani kipimo ni 1.0 hadi 5.0, na 1.0 ndiyo ya juu, ukivuka 4.0 kwenda 5.0 umeanguka. Kipimo hiki kinaonyesha tofauti ndogondogo, na kwa anayehitaji wastani mzuri ni bora kuliko cha Sweden. Hakikisha tu kwamba karani wa nyumbani anajua 1.3 ni alama ya kujivunia. Vyovyote uendako, pata jedwali la kugeuza alama kutoka idara yako, lenye sahihi, kabla ya safari.

Kwenye kasi ya matokeo Lund inashinda bila ubishi. Alama za mtihani huingizwa kwenye mfumo wa Ladok baada ya kama wiki tatu, na mwanafunzi anajitolea mwenyewe hati yenye namba ya kuthibitisha. Heidelberg wana mfumo wa heiCO, lakini kwa mgeni bado kuna kumfuata mwalimu mmoja mmoja hadi aandike alama yake.

Lugha inaamua kozi, si vinginevyo

Lund ina kozi nyingi za Kiingereza katika vitivo vyake vingi, na mgeni huziomba na kupangiwa kabla ya kusafiri. Masharti ya kuingia yanakaguliwa kweli: kozi ikidai krediti 30 za uchumi, transkripti yako ionyeshe krediti 30 za uchumi, si moyo wa kujituma. Soma msimbo wa ngazi kwenye maelezo ya kozi. G1N ni kozi ya shahada ya kwanza isiyodai msingi wowote, G1F na G2F zinajengwa juu ya nyingine, zinazoanza na A ni za uzamili. Ukiwa mwaka wa tatu ukaleta kozi ya G1N, idara yako ina haki ya kukuambia hiyo ni ya mwaka wa kwanza.

Heidelberg, shahada ya kwanza ni ya Kijerumani kwa sehemu kubwa. Kiingereza utakipata kwenye Anglistik, yaani idara ya Kiingereza, kwenye masomo ya Marekani, baadhi ya kozi za Taasisi ya Asia Kusini, na zaidi kwenye uzamili wa fizikia na sayansi za baiolojia. Mwenye Kijerumani cha B2, ngazi ya juu ya kati kwenye kipimo cha lugha cha Ulaya, anafunguliwa chuo kizima. Mwenye A2, ngazi ya wanaoanza, na matumaini atajikuta na kozi tatu za Kiingereza na kozi ya lugha, halafu anashangaa krediti zimetoka 19. Zaidi ya hayo, orodha ya kozi za muhula hutoka ukiwa karibu kuanza, hivyo mkataba wa masomo unauandika kwa kutazama orodha ya mwaka uliopita. Weka kozi mbili za akiba na upate idhini yake mapema.

Kama unasoma Kijerumani, historia ya kale, teolojia au falsafa, hoja inageuka. Hapo Lund haina cha kukupa kinachofanana na semina ya Heidelberg, na usumbufu wote ulioelezwa juu una malipo yake.

Kwa fani nyingine: anayesoma uhandisi wa ujenzi au wa mitambo aende Lund, kwenye kitivo chake cha teknolojia, LTH. Heidelberg hakuna mahali pake. Wahandisi wa jimbo lile wako Karlsruhe na Stuttgart. Sayansi ya vifaa, Lund ina MAX IV, mashine ya kutoa miale mikali ya eksirei ya kuchunguzia vitu, iliyofunguliwa 2016. Haki za binadamu, kuna Taasisi ya Raoul Wallenberg mjini humohumo. Baiolojia ya molekuli na saratani, Heidelberg ina majirani wawili wazito, EMBL (maabara ya Ulaya ya baiolojia ya molekuli) na DKFZ (kituo cha Ujerumani cha utafiti wa saratani), ingawa kuingia maabara kwa muhula mmoja kunahitaji mwalimu aliyekukubali kwa barua kabla.

Pesa na karatasi

| | Lund | Heidelberg |
|---|---|---|
| Uthibitisho wa pesa za kujikimu | krona 10,584 kwa mwezi (2025) | euro 992 kwa mwezi (tangu Septemba 2024) |
| Ada ya maombi | krona 1,500, kibali cha ukaazi | euro 75, visa ya kitaifa |
| Unachosafiri nacho | kadi ya ukaazi, kwa raia wanaohitaji visa | visa iliyobandikwa kwenye pasipoti |
| Bima ya afya | ya serikali kwa wanafunzi wa kubadilishana, kwa kawaida kupitia chuo | ya umma, karibu euro 145 kwa mwezi kwa walio chini ya miaka 30 |
| Kujiandikisha kwa mamlaka ya mji | hapana, kwa anayekaa chini ya mwaka | lazima, ndani ya wiki mbili za kuhamia |

Kwa viwango hivyo, miezi mitano Lund ni krona 52,920. Miezi sita Heidelberg ni euro 5,952. Viwango hupandishwa, kwa hiyo angalia cha mwaka wako kwenye tovuti ya Migrationsverket, idara ya uhamiaji ya Sweden, au ya ubalozi wa Ujerumani. Tofauti iko kwenye namna ya kuonyesha. Sweden wanataka pesa iwe kwenye akaunti yenye jina lako na uweze kuifikia. Ya baba au mjomba haitoshi. Ujerumani njia ya kawaida ni Sperrkonto, akaunti inayofungiwa pesa zote mwanzoni na kukuachia kiasi kilekile kila mwezi. Haifunguki mpaka ufike na uwe na akaunti ya kupokelea, hivyo mwezi wa kwanza na amana ya chumba vitoke mfuko mwingine. Barua ya ufadhili hukubalika kote kuwili ikitaja kiasi na miezi.

Bima ndiyo inayoinua bei ya Heidelberg kimyakimya: miezi sita ni karibu euro 870. Ongeza ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba. Barua yake inakuja baada ya kujiandikisha mjini, hata kama huna televisheni. Mnaokaa wengi katika nyumba moja, mmoja analipa na wengine wanamchangia, usiitupe barua.

Lund mtego uko kwingine. Anayekaa chini ya mwaka hapati namba ya utambulisho ya Sweden, na bila hiyo akaunti ya benki ni kazi, na Swish, njia ambayo kila mtu analipiana nayo, ni ndoto. Noti hazipokelewi sehemu nyingi. Beba kadi mbili za benki tofauti, zote zikiwa zimejaribiwa kulipa nje ya nchi, kwa sababu kadi moja ikizuiwa Ijumaa jioni utakaa na njaa hadi Jumatatu. Heidelberg noti zinakusaidia, na akaunti ya benki hufunguka ukishapata karatasi ya kujiandikisha. Nayo karatasi hiyo inadai hati ya mwenye nyumba, Wohnungsgeberbestätigung. Asiyetaka kukupa hiyo hati, chumba chake usikichukue hata kikiwa rahisi.

Chumba, njia na mwanga

Lund, omba LU Accommodation, ofisi ya makazi ya chuo, siku dirisha la maombi linapofunguliwa. Si kila mtu anahakikishiwa. Njia ya pili ni AF Bostäder, shirika la nyumba za wanafunzi, linalodai uwe mwanachama wa Studentlund, muungano wa vyama vya wanafunzi. Uanachama huo ndio pia unaokuingiza kwenye nesheni, yaani vyama vya kijamii vya wanafunzi, ambazo hupika, hupangisha vyumba na kuendesha starehe zote za jioni. Kwa mgeni asiye na mtu, ni rahisi kupata marafiki Lund kuliko Heidelberg. Mji ni wa baiskeli, na treni ya kwenda uwanja wa ndege wa Copenhagen huchukua kama dakika 35. Desemba jua huzama saa tisa na nusu alasiri. Anayeathirika na giza achague muhula wa machipuko.

Heidelberg vyumba vya Studierendenwerk, shirika la huduma za wanafunzi, ndivyo vya kushika kwanza. Kabla ya kupanga ratiba, angalia ramani: fani za sanaa ziko mji wa kale, uchumi na sayansi za jamii Bergheim, sayansi na tiba Neuenheimer Feld ng'ambo ya mto. Vipindi, huko na Lund, kwa kawaida huanza robo saa baada ya saa iliyoandikwa, ila Heidelberg pakiandikwa s.t. maana yake ni saa ileile kamili. Robo hiyo haitoshi kutoka Universitätsplatz, mji wa kale, kwa basi namba 31 hadi Neuenheimer Feld, hasa mvua ikinyesha na basi limejaa. Acha nafasi ya kipindi kizima. Na siku ya mtihani usiitegemee robo hiyo popote.

Ukibaki njia panda

Huna Kijerumani, au matokeo yako yanatakiwa haraka: Lund. Una B2 na kazi ya mwisho ya shahada inayohitaji vyanzo vya Kijerumani: Heidelberg, na uandike insha kabla ya kupanda ndege. Una B1 na unataka kukikuza: Heidelberg inawezekana, ila chuo chako kikubali kwa maandishi krediti 20 badala ya 30. Bila kukubaliwa hivyo, usiende. Una ufadhili unaotazama wastani: uliza kwanza G inageuzwa kuwa nini, kisha ndipo uamue.

Ukishachagua, iandikie ofisi ya kimataifa ya chuo chako siku hiyohiyo ili nafasi unayoiacha impate aliye wa pili kwenye orodha. Na kama ulishaomba chumba katika chuo unachokiacha, futa ombi hilo mwenyewe.